Je, Sanduku la Gia la Mashua Lataka Maji?

Katika bandari ndogo za ziwa letu la Tanganyika, toka Uvira na Baraka mpaka Kalemie na Moba, liko swali moja ambalo halikwishi kuleta ubishi kati ya wenye mashua. Swali lenyewe ni hili: sanduku la gia, lile ambalo mafundi wetu huliita bwati, likiwa la namna ya kufanya kazi kwa nguvu ya mafuta, lahitaji kupozwa kwa maji, au laweza kujipoza lenyewe kwa hewa? Wengine husema ni lazima. Wengine husema ni kutupa fedha ziwani. Sisi tulio na mashua ya ushirika, jamaa saba wa mwalo mmoja, tumekaa na swali hilo miezi mingi. Leo twataka kuwaeleza tuliyoyaona na tuliyojifunza, maana jambo hili si la mafundi peke yao. Ni la kila mtu apandaye mashua na kikapu chake cha ndagala, akitumaini kufika.

Kwanza tufahamu kazi ya sanduku hilo. Motere ya mazutu huzunguka upande mmoja tu, tena huzunguka upesi kupita vile rafadha, yaani elisi, inavyotaka. Basi kati ya motere na mhimili wa rafadha huwekwa sanduku lenye magurudumu ya meno. Lina kazi tatu: kupunguza mbio za motere, kurudisha chombo nyuma, na kuachanisha motere na rafadha ili chombo kisimame. Meli za zamani zilizokwenda kwa mvuke hazikuwa na haja nalo, kwa kuwa fundi aliweza kuigeuza mashini yenyewe izunguke kinyume. Ndivyo ilivyokuwa Liemba, ambayo wazee wetu waliijua vema. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka wa 1913, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka wa 1915 kwa jina la Graf von Goetzen, nayo ilikwenda kwa mvuke hata miaka ya 1970, ilipotiwa motere za mazutu. Lakini mashua zetu za leo zina motere za mazutu tangu mwanzo, na pasipo sanduku la gia haziendi popote.

Masanduku hayo ni ya namna mbili. Namna ya kwanza hufanya kazi kwa chuma kushikana na chuma. Nahodha avutapo mkono wa gia, kipande chenye umbo la pia huingia ndani ya kingine na kujibana humo, na rafadha huanza kuzunguka. Hakuna pampu ndani yake, na mafuta yake ni ya kulainisha tu. Masanduku madogo ya namna hiyo, yale ya motere ndogo, mengi hayana bomba lolote la maji, na hayalihitaji. Joto lao ni dogo, nalo hutoka katika ganda la chuma na kwenda hewani.

Namna ya pili ni ile ya mafuta yenye kusukumwa kwa nguvu, ambayo wengine huiita hidroliki. Ndani yake mna pampu ndogo inayozungushwa na motere. Pampu hiyo huvuta mafuta chini ya sanduku na kuyasukuma kwa nguvu nyingi. Nahodha akisogeza mkono wa gia, yeye afungua njia tu. Mafuta ndiyo yanayobana sahani za klachi zishikamane. Kazi ya mkono ni nyepesi, hata kwa kidole yawezekana. Lakini wepesi huo una bei yake. Pampu haipumziki: motere ikiwaka, nayo yazunguka, hata chombo kikiwa kimesimama gatini. Mafuta yasiyohitajiwa hupita katika vali na kurudi chini, na nguvu iliyotumika kuyasukuma hugeuka kuwa joto. Ongezeni hapo joto la meno yanayosuguana, la beringi, la mafuta yanayovurugwa, na la sahani za klachi kila zinaposhikana.

Hapo ndipo ubishi unapoanza. Mzee mmoja wa ushirika wetu, aliyekuwa dereva wa kamio miaka mingi, alituambia hivi: «Nimeendesha kamio toka Bukavu mpaka Uvira, kupanda na kushuka milima, na sanduku lake la gia halikunywa tone la maji. Kwa nini la mashua linywe?» Neno lake lilikuwa na maana, na wengi walitikisa kichwa kumkubali. Ilitupasa kulijibu kwa kulipima.

Jibu lina sehemu tatu. Ya kwanza, sanduku la kamio la kawaida ni la chuma na chuma, si la pampu, na klachi yake ni kavu, tena imekaa nje ya sanduku. Yale magari yanayobadili gia yenyewe, ambayo masanduku yake hutumia mafuta ya kusukumwa, mafuta yake hupozwa. Mara nyingi hupitishwa mbele katika rejeta. Ya pili, sanduku la kamio laning'inia chini ya gari, na upepo wa njia hulipiga. La mashua limefungiwa tumboni mwa chombo, pamoja na motere iliyo moto, na hewa ya humo haitembei. Ya tatu ndiyo kubwa. Kamio hupanda mlima, kisha hushuka na kupumzika. Chombo ziwani hakina mteremko. Toka kung'oa nanga hata kufika, maji yaikataza rafadha, na ni kama kupanda mlima mmoja siku kucha.

Tukafanya na hesabu, kwa kukadiria. Motere yetu ina nguvu za farasi 60, ndiyo kama wati 44,000. Tuseme kwamba katika kila sehemu 100 za nguvu ziingiazo sandukuni, 3 hugeuka kuwa joto. Hizo ni wati 1,300 na kidogo, motere ikifanya kazi yake yote. Pasi ya umeme ya nyumbani ni kama wati 1,000. Basi ni kama kuwasha pasi, kuifungia ndani ya sanduku la chuma, na kuiacha hivyo toka Kalemie hata Moba. Na chuma chaweza kutoa joto kiasi gani hewani? Sanduku la ukubwa wa lile letu, hata likipita hewa ya tumboni kwa digrii 60, litatoa kama wati 200 au 300 tu. Zinazobaki zakaa wapi? Zakaa ndani ya mafuta, na mafuta yazidi kupata moto.

Mafuta yakipata moto kupita kiasi, madhara yake hufuatana kama shanga katika uzi. Kwanza huwa mepesi kama maji. Yakiwa mepesi, pampu haiwezi tena kuyashindilia vema. Nguvu ikipungua, sahani za klachi hazishikamani sawasawa, zateleza. Zikiteleza zaleta joto jipya, na joto hilo huzidi kuyafanya mafuta kuwa mepesi. Mipira inayozuia mafuta yasivuje nayo hukauka na kupasuka. Mwisho sahani huungua, motere yalia kwa mbio, na chombo hakiendi. Vitabu vya watengenezaji wengi huweka mpaka wa joto la mafuta kati ya digrii 80 na 100, kila sanduku na mpaka wake.

Jambo hilo si la kitabuni tu. Mwaka mmoja wakati wa kiangazi, katika miezi ile upepo wa kusini unapovuma kwa nguvu, tuliona mashua ya jirani ikipotewa na gia mbali na pwani. Motere yake ilikuwa nzima kabisa, yawaka, lakini rafadha haikuzunguka. Chombo kisichokwenda hakiwezi kuelekeza pua yake kwenye mawimbi. Kiligeuka ubavu, na maji yakaanza kuingia. Watu walitupa magunia ya unga wa mihogo na madebe ya mawese, wakachota maji usiku kucha. Wavuvi waliwakuta alfajiri na kuwavuta kwa kamba. Hakufa mtu, lakini akina mama wengine walipoteza mtaji wote wa mwaka. Sanduku lilipofunguliwa, mafuta yalikuwa meusi na yenye harufu ya kuungua.

Basi sisi tulipojipatia sanduku la hidroliki, la mkono wa pili, hatukukubali neno la muuzaji kwa urahisi. Yeye alisema: «Hili halihitaji maji, lajipoza lenyewe.» Lakini ubavuni mwake tuliona matundu mawili yaliyounganishwa kwa mpira mfupi, toka tundu moja mpaka la pili. Tukaulizana: kama fundi aliyeliunda hakutaka mafuta yatoke nje, kwa nini alitoboa matundu? Kijana mmoja wetu alisoma namba iliyo juu ya kibao cha sanduku, akatafuta kitabu chake katika simu, akakipata. Picha yake ilionyesha wazi: tundu moja ni la mafuta kwenda kwenye kipoza, la pili ni la kurudi.

Hata hivyo hatukupatana mara moja. Fedha ya ushirika ilikuwa kidogo. Mama mmoja mjane, mwenye hisa mbili, alisimama akasema: «Ndugu zangu, tuliahidi kununua jaketi za kuokolea. Mkizimaliza fedha katika mabomba, watoto wetu watavaa nini siku ya dhoruba?» Tulinyamaza kitambo. Hakuna aliyeweza kusema kwamba maneno yake si ya kweli. Wengine walitoa shauri kwamba jaketi zinunuliwe, na sanduku lijaribiwe hivyo hivyo. Wengine walisema vitabu vya wazungu hutaja vipuri vingi ili viuzwe. Na mzee wetu dereva aliogopa tundu: kila tundu jipya katika mbao za chombo, alisema, ni mlango wa ziwa.

Mwisho tukakubaliana kujaribu, lakini si kwa maisha ya watu. Tulipakia mifuko ya mchanga mahali pa abiria, tukatia kipimajoto kwenye ganda la sanduku, karibu na mahali mafuta yanapotoka, tukaenda na kurudi mbele ya mwalo, mtumbwi mmoja ukitufuata. Motere ilikwenda mwendo wa safari. Tulipoanza, kipimo kilionyesha digrii 28. Baada ya dakika 15 zilikuwa 62. Baada ya dakika 30 zilikuwa 86. Dakika ya 35 zilifika 92, na bado zilikuwa zapanda; tukazima motere. Safari yetu fupi kabisa ni ya saa tatu. Mzee dereva alikitazama kipimajoto, akasema: «Basi, chuma kimejisemea.»

Juu ya hofu yake ya tundu, fundi mmoja wa bandari alitupa jibu jema. Motere yenyewe yavuta maji ya ziwa kwa pampu yake ili kujipoza. Haifai kutoboa mahali papya. Kipoza mafuta huwekwa katika njia ile ile: maji yatoka ziwani, yapita katika chujio, yapita katika pampu, yaingia kwanza katika kipoza cha sanduku, kisha yaendelea kwenye motere, na kutoka nje. Kipoza chenyewe ni silinda yenye vibomba vyembamba ndani. Maji hupita ndani ya vibomba, na mafuta hupita nje yake, pasipo kugusana. Maji ya Tanganyika juu yana digrii kama 24 hata 28, nayo yatosha sana. Tulipokwisha kukifunga, tulirudia jaribio kwa mzigo ule ule, safari hii saa mbili nzima. Kipimo kilipanda mpaka digrii 58, kikakaa hapo hapo.

Na jaketi? Tuliahirisha rangi ya mashua na turubai jipya. Kipoza kilinunuliwa kwanza. Lakini mama yule alishika neno lake, nasi tukaliandika katika kitabu cha ushirika: mpaka jaketi zifike, mashua isichukue abiria, ichukue mizigo tu. Tulikosa nauli za safari nne, na wengine walinung'unika. Safari ya tano watu walipanda, kila mmoja na jaketi yake.

Sasa twataka kuwaonya juu ya mambo machache, maana kipoza nacho kina hatari zake, na mtu asidhani maji huleta heri tu.

Jambo la kwanza: mwenye sanduku lenye matundu mawili ya kipoza asiyazibe kamwe kwa kigingi wala kwa skrubu. Katika masanduku mengine, mafuta yanayorudi toka kipoza ndiyo yanayokwenda kulainisha beringi na klachi. Ukiziba, umeinyima chakula mashini yote, nayo itaungua upesi.

La pili: vibomba vya kipoza vikitoboka, mafuta na maji vitakutana. Motere ikiwaka, mafuta yana nguvu kupita maji, basi hutoka nje, nawe utaona rangi za mafuta zikielea nyuma ya mashua. Motere ikizimwa, maji yaweza kuingia katika mafuta. Ndiyo sababu kila asubuhi, kabla ya kuwasha, nahodha wetu huchomoa kijiti cha kupimia na kutazama. Mafuta yakiwa meupe kama maziwa, safari haianzi. Maji ndani ya sanduku huleta kutu na kuharibu sahani.

La tatu: maji ya ziwa letu yana chumvichumvi za mawe, nazo hugandamana ndani ya vibomba kama zigandavyo katika birika la jikoni. Kila mwaka kipoza kifunguliwe na kusafishwa. Chujio nalo litazamwe kila siku, maana majani na mchanga huziba njia, na kipoza kisicho na maji ni mzigo tu.

La nne: kila sanduku lina mafuta yake. Mengine hutaka mafuta ya motere, mengine yale mekundu membamba. Kuyachanganya kwa kubahatisha ni kuliua polepole.

La tano lawahusu wanaovutwa kwa kamba. Katika masanduku mengi ya hidroliki, pampu huzunguka motere ikiwaka tu. Mashua ikivutwa mbali, motere imezimwa, maji huizungusha rafadha, na rafadha huzungusha magurudumu ndani pasipo mafuta ya kulainisha. Yafaa kuufunga mhimili usizunguke, ila kama kitabu cha sanduku lako chasema vingine. Tena masanduku mengine yana skrubu za kuokoa: nguvu ya mafuta ikikosekana kabisa, fundi huzima motere, huzikaza skrubu hizo, na klachi hushikwa kwa chuma, chombo kifike nyumbani polepole. Mwenye mashua ajue zilipo kabla ya siku ya taabu.

Je, basi, kila sanduku lataka maji? La, hatusemi hivyo. Dogo la chuma na chuma, la motere ndogo, mara nyingi halitaki. La hidroliki lenye kazi fupi, kama kuvuka mto dakika chache na kupumzika, huenda likastahimili, kama kitabu chake chakubali. Vyombo vingine havivuti maji ya nje. Vina maji yao yazungukayo katika bomba lililofungwa chini ya chombo, na kipoza hupata ubaridi kwa njia hiyo. Lakini sanduku la hidroliki lifanyalo kazi ya saa nyingi, na mzigo mzito, tumboni mwa mashua pasipo upepo, hilo lataka kupozwa. Ambaye haamini, asibishane na mtu. Asome kibao na kitabu, kisha atie kipimajoto, na mchanga mahali pa abiria.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika mashua yetu limo daftari dogo, limefungwa kwa uzi karibu na usukani. Kila safari nahodha huandika humo joto la sanduku, saa, na mzigo. Namba zikianza kupanda, hata kwa digrii tano, twajua kwamba chujio limeziba au vibomba vimeota chokaa, nasi twatengeneza tukiwa bado gatini. Kazi hiyo haichukui dakika mbili. Ndugu mwenye mashua, nunua daftari.